Niahirishe muhula, au niendelee na simu hii iliyopasuka?

Swali: "Assalaam aleikum Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Biolojia na Kemia katika chuo kimoja cha Nairobi. Vyuo vilipofungwa Machi nilirudi nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, na begi moja, nikidhani ni wiki mbili. Sasa ni mwisho wa Juni 2020 na tangu Mei masomo yamehamia mtandaoni. Nina simu iliyopasuka kioo, bando ninalonunua Jumatatu huisha Jumanne, na nyumbani tuko saba. Baba alikuwa mhudumu wa hoteli Bamburi, hoteli imefungwa. Mama anauza mahamri. Kila nikishika simu naitwa: nikate vitunguu, nimwangalie bibi, niwasomeshe wadogo zangu. Katika yuniti tano za muhula huu, zikiwemo Jenetikia (elimu ya urithi wa vinasaba) na maabara ya Kemia, nimehudhuria labda robo ya vipindi. Naona haya kuwasha kamera kwa sababu nyuma yangu ni jikoni. Madaftari yangu yamebaki kwenye chumba nilichopanga Nairobi. Wenzangu wawili wameahirisha muhula. Nami niahirishe, au niendelee?"

Waalaikum salaam na marahaba, mwanangu. Wape pole baba na mama, na bibi umpe salamu zangu.

Nitaanza na jibu lenyewe, maana najua unanisoma kwa bando la kuhesabu. Usiahirishe muhula mzima. Weka kando yuniti ya maabara, shikilia nne zilizobaki, na kabla hujasaini karatasi yoyote jipe wiki mbili za kusoma kwa njia tofauti na hii unayoifuata sasa. Wiki hizo zikiisha utaweza kuamua kwa haki, kwa sababu utakuwa umejaribu kusoma. Kufikia leo umekuwa ukihangaika kuhudhuria, na kuhudhuria na kusoma ni mambo mawili.

Nimefundisha chuo kikuu hapa Mombasa miaka kumi na minane, na miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa pia mshauri wa wanafunzi. Tangu Aprili nimesoma barua nyingi za namna hii, na karibu zote zina mstari mmoja wa kuungama: nimehudhuria robo, nimekosa vipindi kumi, sijaonekana darasani mwezi mzima. Mnaandika kama watu waliotenda kosa. Hilo nataka tuliondoe mwanzo.

Masomo ya mbali ni kazi yenye mafundi wake. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na vyote viwili viliundwa kwa ajili ya mtu anayesoma peke yake, mara nyingi usiku, baada ya kazi, mwalimu yuko mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma kozi ya mwaka mmoja kwa njia ya posta, miaka ya tisini. Kifurushi kilikuja na kitabu ambacho mwandishi wake alijua hatakuwepo nitakapokwama. Kila baada ya kurasa chache palikuwa na swali, na jibu lake limewekwa mwisho wa kitabu. Palipokuwa na mtego, aliniambia nisimame kwanza, kwamba wengi huteleza hapo. Kuiandaa kozi moja ya namna hiyo huchukua miezi mingi. Sisi tulipewa siku chache. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, tarehe 15 Rais akaamuru masomo yasimame, na vyuo vikuu vikatakiwa viwe vimefungwa kufikia tarehe 20. Masomo yalipohamia mtandaoni, wengi wetu tuliuchukua mhadhara uleule wa saa tatu tuliozoea kuutoa ukumbini, tukaumimina kwenye simu zenu. Nami nilifanya hivyo wiki za mwanzo. Nilizungumza saa mbili na nusu mfululizo mbele ya miraba myeusi yenye majina, nikauliza "tumeelewana?", hakuna aliyejibu, nikaendelea. Lilikuwa kosa langu, wanafunzi hawakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo robo yako isikuvunje moyo. Inaonyesha tu ni saa ngapi mtandao na nyumba vilikuruhusu kukaa mbele ya simu. Umejua kiasi gani cha jenetikia, hilo bado hatujalipima.

Sasa tupige hesabu, maana wewe ni mwanasayansi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mkutano wa video wa watu wengi kwenye Zoom hula kati ya MB 810 na GB 2.4 kwa saa moja, kutegemea ubora wa picha. Chukua kile kiwango cha chini kabisa. Yuniti tano, kila moja saa tatu kwa wiki, ni saa kumi na tano. Zidisha kwa MB 810, utapata zaidi ya GB 12 kila wiki. Sijaona bando la mwanafunzi linaloweza kubeba mzigo huo. Bando lako linaisha Jumanne kwa sababu hesabu yenyewe haikubali.

Sauti peke yake ni habari nyingine. Saa nzima ya sauti bila picha huwa chini ya MB 100, na mara nyingi haifiki hata nusu ya hapo. Lakini wengi hudhani wakizima kamera yao basi wameshaokoa bando. Wameokoa kidogo tu: picha yako haitoki, ila ya mwalimu na za wenzako zinaendelea kuingia. Ukiwa ndani ya Zoom kwenye simu, telezesha kidole kuelekea kulia mpaka utokee ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya madereva, wenye kitufe kimoja kikubwa cha kuzungumzia. Hapo picha zote husimama, sauti inabaki. Mwalimu akisema "tazameni mchoro huu", rudi dakika tatu uutazame, kisha uondoke tena. Na usisahau kwamba sura nzima ya madokezo ya maandishi matupu mara nyingi haizidi MB 2, na ujumbe wa sauti wa dakika kumi kwenye WhatsApp ni MB chache tu. Basi bando lako lianze kwa madokezo, likibaki liende kwenye sauti, na video ije mwisho kabisa. Wanafunzi wengi ninaowashauri hufanya kinyume chake: wanamaliza bando lote kwenye kipindi cha Jumatatu asubuhi, halafu faili la madokezo linapotumwa Jumatano hawana cha kulipakulia.

Zima pia ile hali ya WhatsApp kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Kundi la familia peke yake, wakati huu ambapo kila mtu anatuma video kuhusu korona, linaweza kula darasa lako zima. Halafu kuna jambo la mjomba na shangazi. Tangu Machi mwaka huu wa 2020, kwa sababu ya korona, kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 hakutozwi ada, kwa hiyo aliyekuwa akisubiri apate mia tano ndipo atume, anaweza kukutumia hamsini leo. Usione haya kumwomba jamaa hamsini ya bando. Ni nauli ya kwenda darasani, na nauli hukuwahi kuona haya kuiomba. Uulize na idara yako habari za bando nafuu za wanafunzi. Kuna mipango ya namna hiyo kati ya vyuo na kampuni za simu kupitia KENET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti nchini. Ikiwa chuo chako kimo, hakikisha namba iliyo kwenye orodha yao ni hii unayotumia sasa, maana wengi wenu laini mliyoiandikisha mwaka wa kwanza mlishaitupa.

Kuhusu mawimbi, nyumba zenu nazijua. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zilijengwa kuzuia joto na leo zinazuia mnara wa simu vilevile. Ukikaa chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, simu inahangaika kuutafuta mtandao na betri inakwisha upesi. Pakua ukiwa darini, au kwenye dirisha linalotazama njia pana, kisha teremka usome chini kwenye kivuli.

Lakini bando siyo shida yako kubwa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na neno lililonisimamisha kila mara ni "naitwa".

Mtaa wenu ulifungwa tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ukakaa umefungwa mwezi mzima mpaka mapema Juni. Idi imewakuta humo ndani. Mama hakuweza kuvuka kwenda kuuza, baba hana kazi, bibi kila mmoja anaogopa kumletea maradhi. Katika nyumba kama hiyo, binti mkubwa aliye nyumbani mchana kutwa ni neema, na ni haki wamshukuru Mungu kwa ajili yako. Ulipokuwa Nairobi mama alikwambia kwenye simu "soma, mwanangu", na alimaanisha. Hata sasa anamaanisha vilevile. Shida ni kwamba kusoma kwako hakuoni. Anachoona ni mtu ameinamia simu, na simu katika nyumba zetu ni kitu cha mazungumzo na mchezo. Ukishika kitabu utaachwa, ukishika simu utaitwa. Hakuna aliyemweleza mama kwamba kile kioo kilichopasuka ndicho ukumbi wa mihadhara, na kwamba akikuita katikati ya kipindi ni sawa na kuingia ukumbini akakuvuta mkono mbele ya mhadhiri.

Inabidi umweleze wewe, na inabidi uchague wakati. Usilianzishe wakati umeitwa, umekasirika, na kisu cha vitunguu kiko mkononi. Subiri baada ya Isha, watoto wamelala, baba na mama wamekaa pamoja. Wala usiombe "nafasi ya kusoma", maana hilo kila mzazi atakubali na kesho asubuhi utaitwa tena. Omba saa unazoweza kuzitaja. Sema hivi: "Mama, kuanzia Alfajiri mpaka saa mbili niko nawe kwenye mahamri, na bibi nitamhudumia mimi. Saa tatu mpaka saa tano na nusu, Jumatatu hadi Alhamisi, nihesabuni kwamba nimekwenda Nairobi. Baada ya hapo mimi ni wenu." Utakuwa umempa msaada saa anayouhitaji hasa, saa ya kusukuma, kukaanga na kufungasha, na ulichoomba nacho ni kitu anachoweza kukihesabu kwa vidole. Nimeona mapatano ya namna hii yakishika katika nyumba ambazo miezi miwili ya kununa haikuwa imebadilisha chochote.

Iandike ratiba hiyo kwa kalamu nene uibandike kwenye mlango wa jikoni. Wadogo zako wataisoma, na watoto hupenda kulinda sheria iliyoandikwa. Kisha siku ya kwanza mkaribishe mama akae nawe nusu saa, uweke sauti ya nje, asikilize. Jenetikia haitamhusu. Lakini atamsikia mwalimu akiita majina, atawasikia vijana wakijibu kutoka Kisumu na Garissa na Nyeri, na atajua kwamba lile ni darasa. Mwanafunzi wangu mmoja wa Likoni alifanya hivyo mwezi uliopita, na tangu siku hiyo mama yake ndiye anayewanyamazisha majirani uani.

Wadogo zako katika saa hizo waachie redio. Vipindi vya masomo vya taasisi ya mitaala, KICD, hutangazwa kwenye redio ya KBC. Tafuta ratiba ya madarasa yao uipange iangukie saa zako, ili wao wasome kwa redio na wewe kwa simu. Jioni uwaulize walichosikia. Wewe ni mwalimu mtarajiwa, na shule zikiwa zimefungwa huna mahali pengine pa kufanyia mazoezi ya kufundisha.

Na kama baba yako atasoma hapa, ningependa kumwambia neno. Ndugu yangu, najua ilivyo kwa mwanamume kuamka asubuhi asiwe na pa kwenda, na ufuo wote kuanzia Nyali mpaka Mtwapa umejaa wanaume wa hali hiyo. Binti yako amebakisha muda usiofika miaka miwili awe mwalimu wa sayansi, na wasichana wa shule zetu za Pwani wanamhitaji asimame mbele yao. Saa mbili na nusu za asubuhi, siku nne kwa wiki, wewe unaweza kumwangalia mama yako mzee. Unaweza hata kukata vitunguu. Hoteli ikifunguliwa utarudi kazini, na yeye atakuwa hajapoteza mwaka.

Turudi kwako. Ukishazipata hizo saa, usizimalize zote kwa kusikiliza. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine wakaambiwa warudie kusoma, wengine wafunike karatasi na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Wewe hili si geni kwako. Ulipokuwa mdogo madrasa, maalimu hakukubali usikilizishe huku macho yako yako kwenye msahafu. Alikufunikia. Ukikwama alingoja, ukashindwa kabisa ndipo akakudokeza neno moja. Biolojia nayo hushika kwa njia hiyohiyo, na kufunika karatasi hakuli bando hata kidogo.

Kwa siku shika yuniti moja tu. Una siku nne na yuniti nne, kwa hiyo kila moja ina siku yake. Soma madokezo dakika arubaini, funika, andika kwa mkono unachokumbuka kwa dakika ishirini, kisha linganisha na uzungushie kwa kalamu nyekundu ulichokosa. Pumzika, umchungulie bibi, rudi kwa sehemu ya pili. Kipindi cha moja kwa moja kikiangukia ndani ya saa zako, ingia kwa sauti. Kisipoangukia, usikikimbilie jikoni na simu begani. Omba rekodi ya sauti. Ukipata shilingi chache, chapisha madokezo ya yuniti iliyo ngumu kwenye saiba ya mjini, maana kusoma mchoro wa kromosomu kupitia kioo kilichopasuka kunaumiza macho na kunapotosha.

Sasa mwandikie kila mhadhiri wako. Hili wanafunzi hawalifanyi, na linaniuma, kwa sababu mara nyingi ndilo lingewaokoa. Vyuo vyetu vingi vinadai mwanafunzi awe amehudhuria theluthi mbili ya vipindi au zaidi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani, na kwenye orodha ya mtandaoni mtu asiye na bando na mtu aliyelala wanaonekana sawasawa. Mhadhiri mwenye majina 120 hawezi kuwatofautisha usipomwambia. Andika kwa ufupi, bila hadithi ndefu na bila kuomba msamaha mara tano. Kama hivi: "Mwalimu, mimi ni fulani, namba yangu ya usajili ni hii, niko kwenye yuniti yako ya Jenetikia. Niko Mombasa, natumia simu, na bando langu halitoshi kipindi cha video. Madokezo yote mpaka wiki ya sita nimeyasoma. Naomba mambo mawili: rekodi za sauti, na njia nyingine ya kuthibitisha kwamba nashiriki, hata kwa kukutumia muhtasari wa ukurasa mmoja kila wiki." Ukiandika hivyo, umemwonyesha kwamba unasoma, na umempa kitu anachoweza kukubali kwa neno moja. Nikipokea ujumbe wa namna hiyo huwa najibu siku ileile. Asiyejibu, mngoje siku tatu, mwandikie tena kwa adabu ukimnakili mwenyekiti wa idara. Majibu yote uyahifadhi.

Kwenye yuniti zenyewe, ile ya maabara ya Kemia iache bila majuto. Upimaji wa asidi kwa bureti haufanyiki darini Mji wa Kale, na mtu aliyepita yuniti ya maabara kwa kutazama picha atakuja kuaibika mbele ya wanafunzi wake. Iulizie idara utaratibu wa kuiondoa muhula huu hata kama muda wa kawaida umepita.

Zile nne nyingine nakuhimiza uzishike kwa sababu ambayo wenzako wawili pengine hawakuambiwa. Katika idara nyingi yuniti hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Anayeahirisha muhula wa sasa anadhani atapoteza miezi minne, kumbe atazingoja yuniti zilezile mpaka zirudi, na mara nyingi huo ni mwaka mzima. Darasa lake linakwenda mbele, yeye anabaki na watu asiowajua. Na binti anayerudi nyumbani kwa mwaka mzima, katika hali ya fedha kama ya sasa, huanza kupewa mipango mingine. Unajua ninachosema. Nimewapoteza wanafunzi wazuri kwa njia hiyo, wasichana wenye alama za juu kuliko zangu nilipokuwa umri wao, na hakuna hata mmoja aliyesema anaacha. Wote walisema wanaahirisha.

Hata hivyo kuna hali ambazo ningekwambia ahirisha leo. Ukiugua, au bibi akiugua na huduma yake ikakuangukia wewe. Au baada ya wiki mbili za kujaribu kwa uaminifu, ukifunika karatasi huandiki kitu katika yuniti tatu kati ya nne. Au ukijikuta hulali, huli, unalia bila kujua sababu. Hapo masomo yangoje, na umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Ikifika hapo, ahirisha kwa maandishi: barua kwa mkuu wa kitivo na msajili, kabla ya tarehe ya mwisho, na upate jibu la kukubaliwa. Anayenyamaza tu na kutoweka huandikiwa sifuri katika kila yuniti, na sifuri hizo zitamfuata. Uliza karo uliyolipa itahamishiwa muhula gani. Na kama unapata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, zungumza nao kabla ya kusaini, maana fedha zao hupangwa kwa mwaka wa masomo, na mwanafunzi anayebadilisha mwaka wake bila kuwaarifu hujitafutia usumbufu.

Kamera iache imezimwa. Hakuna mhadhiri mwenye akili anayehitaji kuliona jiko lenu ili ajue unafikiri nini kuhusu urithi wa vinasaba. Nimefundisha miezi hii wanafunzi wanaonijibu wakiwa juu ya mnazi, ndani ya duka la baba, kando ya zizi la mbuzi, na majibu yao ni majibu. Ukiulizwa swali, washa maikrofoni ujibu. Sauti yako ikijulikana, inatosha.

Tafuta na wenzako wawili, si zaidi. Kundi la darasa lenye watu mia halisomeshi mtu, kila swali linazama chini ya salamu na matangazo. Watatu wanatosha: kila Ijumaa baada ya sala, kila mmoja awatumie wenzake ujumbe wa sauti wa dakika kumi akifundisha sehemu moja aliyosoma wiki hiyo, kwa lugha yenu ya kawaida, kama anamfundisha mdogo wake. Wale wawili walioahirisha usiwatenge. Waulize kama mmoja wao angependa kusikiliza. Anaweza kurudi na msingi, na wewe utakuwa umepata mwanafunzi wako wa kwanza.

Bado madaftari. Hapa Mombasa hatujaruhusiwa kutoka wala kuingia tangu tarehe 8 Aprili, na treni ya abiria haiendi, kwa hiyo usipange safari. Mpigie mwenye nyumba ya hapo ulipopanga, umwombe amfungulie mwenzako yeyote aliyebaki Nairobi, uwe kwenye simu wakati anaingia ili umwelekeze madaftari yalipo. Asikutumie yote. Apige picha kurasa za jenetikia kwanza, mchana, karibu na dirisha, ukurasa mmoja kwa picha moja, na azitume kama faili ili maandishi yasififie. Kisha mwombe afunge madirisha na akuangalilie kama paa linavuja, maana kabati lako la vitabu, kama ni la wapangaji wengi ninaowajua, liko chini ya dirisha.